Boksi Bubu la Shangazi

Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wetu mpya,

Sisi wafungashaji wa meza za vyombo vya kuvunjika tunakukaribisha kwa mikono miwili, na tunakuomba radhi kwa vumbi la maboksi. Tumefagia tangu asubuhi, lakini vumbi la ghala hili lina ajira ya kudumu kuliko sisi.

TULIKOTOKA

Meza yetu ilianza na watu watatu na kisu kimoja cha kukatia kamba. Kati ya hao watatu amebaki mmoja, yule mama wa kitambaa cha kijani aliyekaa mwisho wa benchi. Sote tunamwita Shangazi, hata Msimamizi wetu, ambaye kiumri wanalingana.

Shangazi ndiye aliyetufundisha kazi, na sheria yake ni moja. Ukishajaza boksi, libebe kifuani, litikise, usikilize. Likisema, lifungue uanze upya. Likinyamaza, hilo ni boksi bubu, liache liende zake. Atakayepitisha boksi linalosema atawachemshia wenzake chai wiki nzima, na hapo hakuna cha mkubwa wala mdogo. Msimamizi mwenyewe alishachemsha, tena ikaungua!

TUNAYOJIVUNIA

Mheshimiwa, hatukuja kulia. Mshahara unatoka kwa wakati, paa halivuji tena, na malalamiko ya vitu kuvunjika yamepungua mpaka karani aliyekuwa akiyapokea amehamishiwa idara nyingine. Tunampa pole, lakini raha tuliyoipata hatuifichi.

Kuna kisa kimoja lazima ukisikie. Siku moja Shangazi alivua miwani ili atege sikio vizuri kwenye boksi la vikombe. Miwani akaiweka juu ya karatasi, ndani ya boksi lile lile. Akatikisa, kimya. Akafunga, likaenda. Jioni nzima tulitafuta miwani chini ya meza, mpaka kwenye birika. Baadaye mteja akaandika kwamba vikombe vimefika salama, na anashukuru kwa zawadi ya miwani ila haimfai. Shangazi alikuwa amefunga vizuri mno, hata miwani yake mwenyewe haikupata nafasi ya kugonga! Tulicheka tukashika mbavu. Mteja yule muungwana akairudisha ndani ya bahasha, bila hata kipande cha karatasi. Ilifika vipande vipande. Shangazi akaitazama, akasema, "Huyu naye angechemsha chai."

YANAYOTUKWAZA

Feni tunalo, tunashukuru, lakini likiwashwa karatasi zote zinahamia kwa wapakiaji wa magari. Hilo tutalimaliza wenyewe kwa kuzikandamiza na mawe.

La kututia simanzi ni jingine. Watoto wa Shangazi wa kuwazaa walimtengenezea miwani nyingine, lakini daktari akamweleza kwamba macho yamechoka. Maandishi madogo ya kwenye lebo hayaoni tena, hata kwa miwani. Na utaratibu wetu unadai kila mfungashaji asome lebo yake na kuweka sahihi. Kwa hiyo mwisho wa mwezi huu Shangazi anahamishiwa getini, akahesabu magari. Msimamizi hana roho mbaya, alimwambia huku ameinamisha kichwa. Shangazi akajibu, "Haya baba, magari nayo yana wenyewe." Kisha akaenda chooni, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka tulimpa boksi afunge.

OMBI LETU

Ombi ni moja tu. Ruhusu watu wawili kwenye boksi moja: Shangazi afunge, na jirani yake wa mezani, tunayemwita Mrefu, asome lebo na kuweka sahihi. Mrefu amekubali, hadai nyongeza yoyote. Shangazi hajui kwamba tumemtaja. Hapo alipo bila shaka anaguna, "Nyie watoto, mnaniumbua mbele za watu." Tuvumilie, Shangazi, tumeshaanza.

Mheshimiwa, boksi lililo mbele yako ni zawadi yetu. Ndani mna bilauri sita za kioo chembamba. Jana Shangazi alizifunga bila miwani, akidhani ni mzigo wa mteja, na Mrefu akabandika lebo. Tafadhali usilipokee kwa adabu. Linyanyue mpaka kifuani, liachie lianguke sakafuni, halafu ulitikise.

Likisema, ombi letu tunalifuta wenyewe, na Shangazi tutamsindikiza getini kwa heshima zote. Likinyamaza, tunakuomba utujibu leo, hapa hapa, na yeye akisikia. Maana masikio yake, Mheshimiwa, hayajachoka hata kidogo.

Mwenyezi Mungu akubebe kama tunavyobeba mizigo ya watu, ufike kila uendako bila ufa.

Ni sisi watoto wa Shangazi,
Wafungashaji, Meza za Vyombo vya Kuvunjika.