Kitambaa cha Mama Mkwe

Kijiweni kwa muuza kahawa kuna benchi moja refu, na wanaolikalia wana majibu mengi kuliko maswali. Asubuhi hiyo Fundi Makochi alikaa hapo amekunja uso, mwanawe wa mwaka na ushei amempakata mkono wa kushoto, kikombe cha kahawa kinafuka mkono wa kulia. Jana mtoto alivuta kitambaa cha meza, birika la chai likaja nacho, maji ya moto yakamkosa kidogo tu. Mama mkwe alipopata habari alisema leo anakuja kuiona nyumba, na asiporidhika anaondoka na mjukuu wake. Fundi hakupata usingizi. Mtoto ndiye huyo mmoja tu.

— Nisaidieni mawazo, jamani. Akija akute mambo yamekaa sawa.

— Rahisi, alisema Injinia, ambaye uinjinia wake wote ni kubadilisha betri za redio. Birika litundike darini kwa kamba. Ukitaka chai, unalishusha.

— Na likishuka mtoto yuko chini yake? aliuliza Jaji. Huyu aliwahi kutoa ushahidi mahakamani siku moja, jina likamganda.

— Basi apandishwe mtoto. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimlea juu, anakua juu.

Fundi alijaribu kumwona mwanawe anaishi darini, picha ikagoma kuja.

— Tatizo huyo mtoto na moto hawajuani, alisema Jaji. Mwonjeshe kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini, Jaji? Cha malengelenge?

— Mimi nimetoa methali tu. Matumizi ni yako.

Muuza kahawa akapita na birika lake. Fundi akakinga kikombe juu ya utosi wa mtoto, kikajazwa. Mtoto akaanza kuukimbiza mvuke kwa vidole.

— Si nikiondoe tu hicho kitambaa? Fundi aliuliza.

Benchi zima likaguna.

— Alikifuma nani?

— Mama mkwe. Zawadi ya harusi.

— Ukikiondoa, umemwondoa yeye, alisema Jaji. Kipige misumari mezani. Wewe si fundi makochi?

— Na meza uipige misumari sakafuni, alisema Injinia.

— Na birika?

— Birika gundi.

— Sasa chai itamiminwaje?

Injinia akafikiri.

— Mtainama mnywe kwa mrija.

Fundi alikuja na shida moja, sasa alikuwa na dari, misumari, gundi na mrija, na hakujua aanzie wapi. Ndipo akamwona mama mkwe wake amesimama mbele ya benchi, kwapani amebana kile kitambaa, kimekunjwa vizuri.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Nimetoka kwako. Hiki nimekiondoa mwenyewe, nitawafumia cha ukutani. Nina swali moja tu, mkwe.

— Uliza, mama.

— Ukipiga chafya sasa hivi, utaachia kipi?

Fundi akatazama mkono wa kushoto, akatazama wa kulia. Akamgeukia Injinia, Injinia akatazama barabarani. Jaji akakuna shingo. Fundi akatafuta pa kuweka kikombe: benchini, mtoto anafika; chini, mtoto anafika zaidi. Hofu ya jana ikamrudia yote, safari hii ikiwa na mpini mkononi mwake.

Mama mkwe akanyoosha mikono, mtoto akairukia. Wakaondoka bila haraka.

Fundi akabaki na kikombe.