Sufuria ya Mtori Iliyobaki Rau

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Saa hii ni ya waliotutoka, na leo tunaye Hilaria Tesha, mzaliwa wa Kilema. Aliishi Uingereza kwa miaka mingi, akarudi nyumbani, na nyumbani ndipo alipofia. Tumemzika Jumanne kwenye kihamba cha baba yake, katikati ya migomba na kahawa. Nalirudia jina kwa aliyechelewa kuwasha redio. Ni Hilaria Tesha, wa Kilema, aliyekwenda Uingereza na kurudi.

Na niseme mapema. Kipindi hiki huwa nakifanya nimetulia, kikombe cha chai pembeni. Leo chai imepoa sijaigusa. Ninaogopa. Nitawaambia ninachokiogopa, lakini tuanze na yeye.

Hilaria alikuwa mfupi, mwenye kicheko kikubwa, na mbishi. Watu wa Kilema hawakosi ubishi, na mimi wa Marangu nina haki ya kulisema hilo, lakini yeye alizidi. Akisema nyama ya mtori haijaiva, basi haijaiva, hata kama imeshaachana na mfupa.

Aliondoka hapa akiwa binti. Akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kwenye mji mdogo kaskazini mwa Uingereza. Aliwaogesha wazee, akawalisha, akawachana nywele. Na kila asubuhi alimsomea gazeti bibi mmoja ambaye macho yalikuwa yameingia ukungu. Naomba mlishike hilo la gazeti.

Gazeti lile lilikuwa na habari moja liliyoipenda kuliko zote, nayo ni wageni. Wageni wanaoingia kwa viboti. Wageni wanaolazwa hotelini. Wageni wanaomaliza vitanda vya hospitali. Na palikuwa na mwanasiasa mmoja ambaye hakukosekana humo, kama chumvi kwenye mboga. Alisema nchi imeibiwa na yeye atairudisha kwa wenyewe. Televisheni zilimwita kila wiki, kwa sababu akifungua mdomo watu hawabadilishi stesheni. Mwenye maneno tofauti alipewa dakika zilizobaki, kama zilibaki.

Flavia ni mdogo wake marehemu, na ndiye aliyekaa nami kunisimulia. Anasema, "Nilimuuliza, dada, hayo unayasomaje kwa mdomo wako mwenyewe? Akanijibu kwamba yule bibi humwambia, si wewe Hilaria, ni wale wengine. Na yeye akawa anamwamini."

Basi pale mjini palikuwa na hoteli ya zamani, na serikali iliwaweka humo watu waliokimbia vita kwao. Mwanamke mmoja akajifungua humo. Hilaria akasikia. Nyinyi mnaonisikiliza huku mlimani mnajua kilichofuata. Mzazi halali bila mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Hakuna anayekaa chini kujadili kama mzazi anastahili au hastahili. Hilaria akatafuta ndizi mbichi kwenye duka la Wahindi, akanunua mifupa ya ng'ombe, akapika, akapeleka. Akaendelea kupeleka kila alipotoka kazini.

Siku moja nje ya hoteli akamkuta mtu mwenye kamera kubwa. Mtu yule akamsalimia vizuri tu, akamuuliza amebeba nini. Hilaria akasimama. Akafunua kifuniko amwonyeshe, mvuke ukapanda, naye akatabasamu. Kwetu mtu akija na kamera kwa mzazi, si unamwonyesha chakula kilivyo kizito? Jioni akampigia Flavia simu, akamwambia amepigwa picha na anadhani ataonekana gazetini. Alifurahi.

Asubuhi akalikunjua gazeti amsomee bibi. Akajikuta yeye mwenyewe, ukurasa wa kwanza, na sufuria yake na tabasamu lake. Juu wameandika kwamba wageni wanaletewa vyakula vya moto hotelini, na wazee wa nchi wanakula mkate mkavu. Wazee ambao yeye ndiye aliyekuwa anawalisha.

Alisoma, wasikilizaji. Alisoma kwa sauti kichwa cha habari kilichomhusu, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Yule bibi akamwomba alete karatasi karibu na macho yake. Akaitazama picha kwa muda. Akasema, "Sikujua na wewe ni mmoja wao." Siku hiyo alikataa kuogeshwa na Hilaria.

Usiku ule mwanasiasa akaliinua gazeti mbele ya kamera. Jumamosi mchana, watu wakaja hotelini.

Hilaria alikuwa ndani, na sufuria yake. Kwanza alisikia nyimbo, akadhani ni mpira. Kisha vioo. Kisha pipa la taka likasukumwa mlangoni likiwaka. Yeye na mzazi wakajifungia bafuni na mtoto, wakalowesha mataulo, wakaziba chini ya mlango. Mtoto akalia. Hilaria akamwambia mama yake ampe ziwa, ampe ziwa asilie, kwa sababu nyayo zilishafika kwenye korido. Kabla ya hapo alikuwa amechungulia dirishani mara moja. Miongoni mwa waliokuwa wakirusha mawe alimwona mwanamume aliyeshika ukurasa wa gazeti umekunjwa vizuri. Ulikuwa ule wenye picha yake.

Polisi walifika, moto ukazimwa, hakufa mtu. Na tuwe wa haki, asubuhi yake wenyeji wengi walikuja na mifagio kusafisha vioo, wengine wakilia. Lakini gazeti liliandika kwamba wananchi wamechoka. Hilaria akapiga simu redioni, kwenye kipindi cha mazungumzo, aeleze kwamba ule ulikuwa mtori wa mzazi na pesa ilikuwa yake. Mtangazaji akamuuliza kwanza anatoka wapi. Akautaja mtaa wake wa kulekule. Akaambiwa hapana, kwa asili. Akasema Kilema. Wakaenda mapumziko, na waliporudi hakuwepo tena hewani. Mimi ni mtangazaji, kitufe cha kumkata mpigaji kiko hapa karibu na kidole changu. Ni chepesi kuliko mnavyodhani.

Akafunga mizigo akarudi. Tulidhani hewa ya nyumbani itamtuliza, haikumtuliza. Jumamosi moja yeye na Flavia walikuwa duka la vitambaa hapa Moshi mjini, ukapita msafara wa harusi. Matarumbeta juu ya gari, vigelegele, honi. Flavia alipogeuka hakumwona dada yake. Alimkuta chini ya meza ya kukatia vitambaa, amekumbatia mkoba kifuani, anaunong'oneza, "Nyamaza, mama, nyamaza." Mkoba, wasikilizaji.

Sasa nafika kwenye hofu yangu.

Mwezi uliopita zilianza kuzunguka jumbe kwenye simu. Kwamba kuna wageni wamehamia Rau, hapa pembeni mwa Moshi mjini. Mtaa sitautaja. Kwamba Kiswahili chao ni cha kuokoteza, hawaendi kwa majirani, wanaficha watoto wa watu. Pamoja na ujumbe kulikuwa na picha ya mwanamke getini, amebeba furushi. Ilimfikia Hilaria kupitia kundi la jumuiya yake, jumuiya ya sala. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Flavia anasema alikaa chini palepale juu ya majani, akaikuza picha kwa vidole, akaikuza tena.

"Huyu amebeba kichanga," akasema. "Huyu ni mzazi. Na hivi wanavyomsema, hakuna aliyempelekea kitu."

Flavia akamwambia, "Dada, hapana. Kwa ulivyo, hapana."

Akajibu, "Naogopa hata kusimama. Lakini wewe weka maji motoni."

Walipika, wakakodi gari, wakashuka Rau. Sufuria aliipakata mwenyewe, mchuzi ukamwagikia khanga. Wakabisha hodi, mzazi akafungua, akala huku analia. Sufuria wakaiacha. Hilaria hakuwa na kawaida ya kuchukua sufuria siku ileile; aliiacha makusudi ili apate sababu ya kurudi.

Walipotoka walimkuta mtu mzima getini, ameinua simu, anarekodi. Hilaria akaiona ile simu. Flavia anasema dada yake aligeuka rangi, akamkamata mkono, wakarudi Kilema.

Kesho yake video ikawa kila mahali. Maandishi yake yaliuliza, nani anawalisha hawa? Hilaria akaiona. Kabla wiki haijaisha Flavia alimkuta kwenye kiti, simu mapajani. Daktari amesema ni shinikizo la damu, na mimi si daktari.

Mimi ni mtu wa redio, na video hiyo imetumwa hapa studio. Imetumwa na wengi, wengine nawafahamu, wengine walikuwa msibani Jumanne wakila chakula cha Flavia. Wananiambia, tangaza, redio mnaogopa nini, tutajieni mtaa. Wakati nazungumza simu iko mezani na inawaka. Hawa si watu wabaya. Ni wasikilizaji wangu. Ni nyinyi. Hilo ndilo linalonitisha kuliko moto wa Uingereza, maana ule niliuona wa mbali, na huu unasubiri nitaje jina la mtaa tu. Sitalitaja.

Kwa Flavia, kwa ukoo wa Tesha, na kwa wana Kilema wote, poleni sana. Mungu ampumzishe Hilaria mahali pasipo na vishindo. Na wewe mwenye simu mkononi, kabla hujaituma mbele ile picha, fanya alivyofanya marehemu. Ikuze. Tazama kilicho ndani ya furushi.

Sufuria ya Hilaria bado iko Rau. Kesho baada ya misa ya kwanza Flavia anakwenda kuifuata, na ameniomba nimsindikize. Najua simu zitainuliwa, na mimi nitakuwemo. Jana nilitafuta kisingizio, nikamuuliza kama hawezi kuagiza mtu akaichukue. Akasema haendi kuchukua tu. Ameshamenya ndizi, na sufuria ya pili ni nzito, anataka mtu wa kushika upande mmoja.

Nimemwambia nitakuwepo.