Mwalimu Apolinari na Shamba la Darasa la Saba

Baba Paroko, walimu, majirani, wanafunzi, na nyie mliokuja kwa sababu zenu, poleni na msiba. Mimi ni Genoveva, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na nawaomba mnisikilize hadi mwisho, hata mnaosubiri kujua jambo moja tu, yaani tunamzika wapi.

Marehemu Mwalimu Apolinari Kasimiri Nampunju alizaliwa tarehe 23 Julai 1951 karibu na Ndanda, wilaya ya Masasi, mtoto wa tatu wa mzee Kasimiri mchonga vinyago, akaanza shule hukohuko mwaka 1959, akamaliza chuo cha ualimu Mtwara mwaka 1972, akafundisha Newala na Lindi, na Januari 1984 akahamishiwa Temeke, katika shule yetu hii ya msingi hapa Toangoma. Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na wifi yangu Anastasia, wakajaliwa watoto wanne, ambao alipowaita shambani hakuna aliyethubutu kusema amechoka.

Mwaka 1990, alipoona watoto wanamaliza darasa la saba na kuishia kuzurura barabarani, alikwenda chuo cha kilimo kilicho jirani, akaganda kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa chuo mpaka akasikilizwa, wakakubaliana kwamba kila Jumatano wanafunzi wa darasa la sita na la saba waende chuoni kujifunza bustani, ufugaji wa kuku na kubebesha miche ya matunda, yaani kukata kikonyo cha mti mzuri na kukiunga kwenye shina la mche mwingine, na kila Ijumaa mkufunzi wa chuo, Bi Zubeda, aje kuwasimamia katika shamba la shule. Wazazi wengine walinung'unika kwamba watoto wao wanafanywa vibarua, naye akawaita waje washike jembe waone, na wapo humu ambao hadi leo wanakula kwa bustani walizofundishwa na watoto wao.

Shamba hilo ndilo lililomuumiza. Mwaka jana bwana mmoja mwenye makontena Kurasini alilitaka liwe yadi yake, wapimaji wakaja, wakakuta mchicha na matembele, wakaandika kuwa eneo ni wazi kwa kuwa halina mazao ya kudumu, na bwana huyo, ambaye namwona pale chini ya turubai, akaanza kumwaga kokoto. Kaka alizunguka ofisi zote mpaka akaahidiwa kwamba Jumatatu hii ijayo, tarehe 18, watakuja kuhakiki upya, na kitakachokuwa kimesimama ardhini ndicho kitakachoandikwa, basi akawaambia wanafunzi wabebeshe michungwa na miembe kule chuoni, wasubiri mvua za vuli.

Tarehe 20 Agosti alipigwa na kiharusi palepale penye kokoto, mkono wa kulia ukafa, akawa anafundisha kwa mdomo huku wanafunzi wakishika kisu, akalazwa mwezi Oktoba, na Jumatano tarehe 13 Novemba 1996 akatutoka.

Tangu hapo nyumba hii haina utulivu, kwani mpo mnaotaka azikwe shambani mkiamini kaburi litamzuia mnunuzi, na jana mkachimba shimo kule bila kumuuliza mjane, mkaapa kwamba jeneza halipiti kwingine. Hasira hiyo hata mie ninayo. Lakini marehemu alituambia kitandani, mimi na wifi, kwa sauti ya shida: "Msinizike pale. Kaburi wanalihamishaga, wanatoa fidia, wanaendelea na kazi zao. Nizikeni na wenzangu, pale waachieni watoto wapande."

Kwa hiyo tunamzika makaburi ya kanisa, saa tisa, naomba mtu asiliguse jeneza hilo kulipeleka pengine, na shimo mlilochimba halitapotea bure, mchungwa wa kwanza utaingia humo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliokesha nasi, walimu wenzake, pamoja na chuo kilichotuletea asubuhi hii miche mnayoiona mikononi mwa wanafunzi, ambayo wengine mmedhani ni ya kupamba kaburi. Nawe bwana wa makontena, asante kwa kuja kutufariji, majembe yapo ya kutosha.

Pumzika kwa amani, kaka, tukishakufukia tunapitia shambani.