Aliyesubiri Bembea

Benchi letu liko nje ya duka la mikate la Sokha, hapa Tokoroa, mji mdogo wa New Zealand, na tangu nistaafu sijui mahali pengine pa kuanzia siku. Wakaaji ni walewale. Kuna Papa Teariki wa kisiwa cha Rarotonga, ambako mzee huitwa papa; tunamwita Spika kwa sababu kanisani hakuna tangazo linalopita bila mdomo wake. Kuna Colin, yaani Msumeno, aliyekata mbao kiwandani miaka thelathini na kidole chake kimoja humohumo. Halafu Mama Wikitoria, aliyefagia shule ya msingi miaka kumi na miwili, akatoka pale anajua elimu kuliko walimu, kwa hiyo huyo ni Mkaguzi. Jumatatu hiyo ya Novemba Spika alikuja amenuna. Kahawa hakuigusa, na pai yake ya nyama aliisukuma kwa Msumeno, jambo ambalo sijawahi kuliona.

— Umefiwa? Msumeno akauliza, pai tayari iko mdomoni.

— Afadhali ningefiwa. Mnaikumbuka ile hadithi ya mjukuu wangu?

Tungeisahau vipi. Chekechea yetu huwatumia wazazi hadithi kwenye simu: mwalimu anampiga mtoto picha akicheza, kisha anamwandikia maneno ya sifa kuhusu alichojifunza. Ya Akaiti, mwenye miaka minne, Spika alitusomea mara tatu hapa benchini, akaisoma kanisani baada ya matangazo, akaituma kwao Rarotonga, dada yake akalia kwenye simu. Ilisema hivi: “Akaiti, Jumanne nilikuona kwenye foleni ya bembea. Zamu yako ilipofika, mwenzako alikuwa analia. Ukamwambia: Tangulia wewe, mimi nitasubiri.”

— Basi jana mke wangu ananiuliza, Jumanne ipi hiyo? Namwambia ya tarehe kumi. Akasema, tarehe kumi Akaiti si alipelekwa mjini Rotorua kung'olewa jino?

— Na nani alimpeleka? Mkaguzi akauliza.

— Mimi.

— Yaani ulikuwa naye wewe mwenyewe.

— Nilimshika mkono jino likitoka.

— Halafu ukasimama kanisani kusoma kwamba siku hiyo alikuwa kwenye bembea.

— Mama, imeandikwa. Na picha ipo.

Akatuonyesha simu. Mtoto amepigwa picha kwa nyuma, amevaa kofia ya jua ya buluu ambayo chekechea inawavalisha wote, ukingo mpana mpaka mabegani. Chini yake panaonekana miguu na mabuti mekundu ya mvua. Angeweza kuwa mtoto yeyote wa mji huu.

— Akaiti ana mabuti mekundu? nikauliza.

— Mke wangu naye aliuliza hivyohivyo. Nikamwambia ameyaazima.

Tungecheka mpaka mchana, lakini Spika akatoa karatasi mfukoni. Aliyeandika hadithi ni Mwalimu Janelle, anayemaliza miaka yake miwili ya majaribio. Jalada lake linafungwa leo saa tisa alasiri, na mkuu wa chekechea alimwomba Spika barua ya kushuhudia uaminifu wake ili apewe cheti kamili. Barua ilikuwa tayari tangu Ijumaa, kurasa mbili. Ilikosa saini tu.

— Usisaini, Mkaguzi akasema. Maadili ni maadili. Leo kakosea bembea, kesho atakurudishia mtoto asiye wako.

— Atakosa cheti. Na watoto wanampenda yule binti. Akaiti akimwona hata mkono wangu anauachia.

— Saini, Msumeno akasema. Wewe hujui karatasi ni nini. Kiwandani walituletea fomu ya usalama. Kila Ijumaa unajaza, hakuna ajali. Ijumaa niliyopoteza kidole nilijaza vilevile, kwa mkono huuhuu, damu ikachafua kona. Mwaka ule tulipewa ngao ya kiwanda salama.

— Na kidole?

— Kidole hakikuwa na sehemu yake kwenye fomu.

— Nyie mnapapasa tu, Mkaguzi akasema, akijiweka sawa. Hii kitu inaitwa ukuaji wa kitaaluma. Walimu wanakwenda semina, kisha lazima ionekane kwenye jalada kwamba wamekua. Julai semina ilikuwa ya ushujaa. Wiki ile kila mtoto wa Tokoroa alipanda mti. Septemba ikawa ya hesabu, mpaka kile kitoto cha jirani yangu kinachokula mchanga kikaandikwa kwamba kinachunguza ujazo. Mwezi huu ni subira. Wewe ulitegemea Akaiti afanye nini, apigane?

— Lakini hakuwepo.

— Hilo si lazima. Mkuu anataka hadithi tatu kwa kila mtoto kila mwezi, na watoto ni thelathini. Janelle ataandika saa ngapi, na hao wote wamemning'inia shingoni?

— Haandiki, Msumeno akasema. Hadithi zinatoka makao makuu Wellington zimeshakatwa kwa vipimo, kama mbao. Huku wanapigilia jina tu.

Spika alikuwa anafikiri, na Spika akifikiri ni hatari.

— Labda ni roho, akasema. Mwili ulikuwa Rotorua umepigwa ganzi. Roho ikaona ikae pale bure ya nini, ikaenda zake chekechea.

— Ikavaa mabuti mekundu?

— Iliyaazima.

Nilikuwa nawaonea aibu, na mimi mwenyewe nilishaanza kuona hoja ya roho ina uzito. Hapo mtu akakohoa nyuma yetu. Alikuwa Teretia, ametoka dukani na mkate wake. Yeye na familia yake walihamia hapa kutoka visiwa vya Kiribati mwaka jana, na sisi huwa tunasalimiana naye tu. Kumbe alikuwa amesimama anasikiliza.

— Samahani, papa. Naomba niione hiyo picha.

Akaishika simu kwa mikono miwili, mkate kwapani.

— Huyu ni Ioteba wangu.

— Utajuaje, mwanangu? Kofia zote sawa.

— Mabuti. La kulia kavaa kushoto. Kila asubuhi namgeuzia, naye anayageuza tena.

Tukasogeza vichwa. Kweli, ncha za mabuti zilitazama nje, kila moja upande wake.

— Basi kesi imekwisha, Msumeno akasema. Majina yamechanganywa. Hadithi ni ya kwako, dada, hongera. Spika, saini tunywe kahawa.

Spika aliumia, nilimwona, lakini ni muungwana. Akajisafisha koo, akamsomea Teretia hadithi yote kwa sauti yake ya kanisani. Alipofika kwenye “Tangulia wewe, mimi nitasubiri,” Teretia akamshika mkono.

— Hapo, papa. Rudia hapo.

Akarudia.

— Ioteba hajawahi kusema neno lolote chekechea, Teretia akasema. Miezi saba sasa. Nyumbani anapiga domo kwa lugha yetu mpaka jirani anagonga ukuta, lakini akifika getini anafunga mdomo. Alhamisi nampeleka kwa daktari. Kitu cha kwanza atakachoniuliza ni kama ameshasema kitu mbele ya wenzake.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Sasa nyie ndio mnamjua huyo mwalimu. Mwanangu alisema hivyo kweli, au mwalimu ndiye aliyemsemea?

Mimi nilitazama ile karatasi kwenye goti la Spika, ambako mstari wa kwanza, kwa mwandiko mzuri, ulishuhudia kwamba neno lolote aliloandika Mwalimu Janelle linaaminika.

— Ndiyo au hapana tu, Teretia akasema. Daktari nimwambie nini?

— Mimi niliisoma kanisani, Spika akasema taratibu, maana hilo ndilo pekee alilokuwa na uhakika nalo.