Siku Waliyohesabu Abiria

Basi la adhuhuri lilikuwa na watu wachache, kwa hiyo Nevena, mjane aliyetoka kanisani, aliyasikia yote bila kutega sikio. Mbele yake Sevda, mama wa mtaa wa Waroma, yaani Wajipsi, alikuwa amembana kijana wa halmashauri aliyepakata matangazo ya mkutano.

"Kituo chetu mmekiondolea nini, mwanangu?"

"Mama, tulihesabu abiria. Kutwa nzima hakupanda hata mmoja."

"Siku gani hiyo?"

"Tarehe kumi na nne Januari."

Sevda akapiga makofi. "Mwaka mpya wetu! Siku hiyo Mroma gani atoke, amwache bata motoni?"

Nevena hakuwa Mroma, lakini siku hiyo aliijua. Ofisi nzima ndiyo haikuijua.

"Mume wangu husafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki," Sevda akasema. "Kufika kituo kilichobaki anatembea saa nzima, akipumzika kwenye kila jiwe."

"Basi njoo mkutanoni, mama, uyaseme hayo. Jumatano, saa nne asubuhi."

"Jumatano saa nne yuko kwenye mashine, nami niko kando yake. Siku hiyo nayo mlimuuliza nani?"

Nevena akamwombea kijana jibu. Mungu hakuharakisha.

Basi likasimama kwenye kituo kilichobaki; siku hizi njia yake huishia hapo. Sevda akashuka, akageuka. "Haya, shuka twende kwangu kwa miguu. Safari hii uhesabu vizuri."

Kijana akamtazama dereva. Dereva akazima injini, akaacha mlango wazi.