Mstari Ulioita Muuguzi

Benchi lile lilitosha watu wanne wanaopendana, au watatu waliogombana. Lilikuwa limeegemea ukuta wa duka la fundi cherehani, na jioni hiyo wenyewe walikuwepo wote. Mzee Pindo, mwenye duka, alikaa upande wa mlangoni. Kamera, mlinzi wa ghala la jirani, aliyejipa jina hilo kwa kuwa eti hakuna kinachompita, ndiye aliyeshika birika la kahawa. Rivasi, dereva wa teksi, alipewa jina lake na wenzake, maana mazungumzo yakishasonga mbele yeye huyarudisha nyuma. Kibodi, mwandishi wa programu za kompyuta, alibanwa katikati, mkoba wa kompyuta mapajani na kahawa imempolea mkononi. Siku nyingine wangebishana hata kwa nini mvua hupenda siku ya kufua. Leo waliongea kwa sauti ya msibani, kwa sababu mke wa Mzee Pindo alikuwa hospitalini na nyonga iliyovunjika.

Mama wa watu alilazwa kwa ajili ya presha tu. Usiku alibanwa na haja, akabonyeza kengele ya kitandani ili muuguzi aje amshike mkono. Kitaa cha kengele kiliwaka juu ya kitanda chake, akangoja, akachoka kungoja, akaenda mwenyewe. Hakufika. Muuguzi wa zamu alisimamishwa kazi, na kesho asubuhi angeitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya hospitali. Mzee Pindo alikuwa amemlaani mbele ya wodi nzima, na hakuna aliyethubutu kumwambia apunguze.

— Alichomoa waya apate kulala, alisema Kamera. Mimi nalinda usiku, nawajua watu wa usiku.

— Waya gani, wewe? Rivasi akamkata. Turudi nyuma kidogo. Kengele za siku hizi hazina waya, zinapita hewani. Na hewani kuna simu za watu wangapi? Mlio umeingia kwenye simu ya mtu mwingine huko mjini, kashtuka, kaizima, kalala.

— Kwa hiyo mke wangu alimpigia mtu asiyemjua, alisema Mzee Pindo.

— Inawezekana, mzee wangu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Methali hiyo haikuwa na undugu wowote na kengele, lakini Kamera aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameonyeshwa ushahidi. Naye akaja na lake: kengele zenyewe ziliuzwa zamani, ukutani yamebaki maboksi matupu yenye vitaa. Rivasi akaona asipitwe. Akadai hospitali inazo kengele za aina mbili, za matajiri zinazolia na za akina sisi zinazowaka tu. Kila mmoja alipandisha juu ya mwenzake, na Mzee Pindo alisikiliza yote, maana mtu mwenye uchungu hachagui kauli.

Kibodi aliukumbatia mkoba wake. Tangu mchana alikuwa na jibu alilokatazwa kulitoa.

Kazi yake ilikuwa kutunza chombo kinachokagua programu za wengine. Chombo hicho hupita mstari kwa mstari, na kikiona kosa hulipigia mstari mwekundu. Watumiaji walilalamika: makosa unatuonyesha, mbona hutusahihishii? Akawaongezea kitufe cha kurekebisha yote kwa mpigo mmoja. Walimshukuru sana, na yeye alijisikia mtu. Moja ya marekebisho hayo lilikuwa kufuta jina lililoandikwa na lisilotumika popote.

Wale walioandika programu ya kengele za hospitali walibonyeza kitufe hicho siku moja tu kabla ya ajali. Ndani ya programu hiyo mlikuwa na mstari mmoja ulioagiza kengele ilie, kisha ukaliweka jibu la kengele chini ya jina fulani. Jina hilo halikusomwa tena mahali popote. Chombo cha Kibodi kikaliona ni takataka, kikafuta mstari mzima, na agizo la kulia likaondoka nalo. Kitaa kilikuwa na mstari wake, kwa hiyo kikaendelea kuwaka.

Mchana huo waandishi hao walimpigia, wakiwa wamekwisha kuurudisha mstari kimyakimya. Alipomweleza mkuu wake wa kazi, akaambiwa afunge mdomo: hospitali imeshampata wa kumlaumu, sisi tunajitia kimbelembele cha nini? Kibodi aliona haya, na haya yenyewe ikamfanya aogope zaidi.

Walikuwa bado kwenye kengele za matajiri aliposimama mbele yao mwanamke aliyevaa nguo za nyumbani, amejitanda khanga, macho yamemvimba.

— Shikamoo, baba.

Mzee Pindo alimtambua. Hakuitikia.

— Sikuja kuomba msamaha, baba, wala kubishana. Nina swali moja tu. Mama alibonyeza kweli? Maana nilikuwa macho, nimekaa palepale mezani, na sikusikia. Sasa hata nyumbani mwanangu akiniita nageuka mara mbilimbili. Nahisi masikio yangu yameharibika.

Kamera aliyekuwa na waya wake na Rivasi aliyekuwa na hewa yake wote waliangalia vikombe. Kibodi alimtazama mwanamke yule akilishika sikio lake, akajua kwamba akinyamaza tena, hatakuwa na tofauti na mkuu wake.

— Alibonyeza, dada. Masikio yako ni mazima. Kengele haikulia, kwa sababu ya kitu nilichokitengeneza mimi.

Akaeleza, safari hii kwa sauti, bila kujipunguzia. Akasema kesho ataifikisha habari hiyo mbele ya kamati hata kama kazi itamtoka. Alipomaliza, Mzee Pindo aliweka kikombe chini.

— Umekaa hapa jioni nzima, alisema. Umenywa kahawa yangu, na mimi nimemlaani mtoto wa watu.

— Ndiyo, mzee.

— Hilo tutaongea mimi na wewe. Si leo.

Akainuka kwa taabu, akamwachia muuguzi nafasi yake. Marahaba, mwanangu, alimwambia, kaa. Halafu akageukia ukuta. Muuguzi alikaa pembeni kabisa ya benchi, akajifuta macho kwa pindo la khanga. Kisha akamgeukia Kibodi, na hakuwa na hasira, alikuwa mtu wa kazi anayepokea zamu.

— Hicho chombo chako wanakitumia wale wa hospitali yetu tu?

— Hapana. Kipo kwenye mtandao, kinachukuliwa bure. Yeyote anakichukua.

— Na mistari ya namna hiyo kimefuta wapi kwingine?

Kibodi aliutazama mkoba mapajani. Rivasi alimtazama, Kamera alimtazama, hata Mzee Pindo aligeuka kutoka ukutani.

— Sijui, dada. Wakishakichukua, hakuna anayeniambia.

Muuguzi alitikisa kichwa polepole.

— Basi huenda kuna mtu anabonyeza sasa hivi.