Siku Niliyomkimbia Mtu wa Kunitunza

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu. Mniwie radhi nasoma kwenye karatasi. Nimeiandika polepole kwa siku nyingi, maana nikisema kwa kichwa maneno hunikimbia. Hata sasa naogopa.

Nimesoma hadi darasa la nne. Mama alipofariki nililelewa na mama yangu mkubwa, hapa hapa Jang'ombe, na sitamsema vibaya. Aliposikia najifunza kuimba katika chama hiki chetu cha taarabu alinambia, "Ndani mwenu imbeni mtakavyo. Ukiimba mbele za watu nitakuja kukushusha kwa mkono wangu, na kesho yake uko Makunduchi kwa mjomba wako." Mama mkubwa hasemi maneno ya bure.

Kisha mwalimu wetu akaamua tufanye taarabu ya wazi, isiyo na kiingilio, wazazi wasikie na walete mabinti wao wafundishwe. Nikapewa wimbo mmoja. Niliutaka sana, na niliogopa.

Nilianza vizuri. Kwenye ubeti wa pili nikaona mwanamke anasimama katikati ya watu, mrefu, buibui limemfunika uso. Akawa anakuja kwangu taratibu, mkono kaunyanyua juu. Ndugu zangu, nawaambia, kutunza nakujua. Harusini nimeona mara ngapi mtu aliyeguswa na maneno akimwendea mwimbaji hivyo hivyo kumpa tuzo. Lakini mimi pale nilimwona mama mkubwa tu. Niliacha wimbo nikakimbia, na viatu nikaviacha.

Kumbe alikuwa mgeni wa watu kutoka Mkokotoni, na mkononi ana kikuba cha asmini, kishada cha maua cha kunitunza.

Tangu hapo sauti haikutoka. Nikienda mferejini kuteka maji wasichana husema, "Mpisheni Bi Mbio, asije akatukanyaga." Mama mkubwa naye alisikia. "Alhamdulillahi, umejishusha mwenyewe," akasema. "Safari hii nshakusamehe. Ya pili, Makunduchi."

Mwalimu akanifuata nyumbani mama mkubwa akiwa sokoni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mwanangu, sisi tushazeeka. Nyimbo hizi tuzikwe nazo?"

Kesho yake nikarudi mazoezini. Basi nyinyi wenzangu wa chama mkawa mnajifunika mabuibui na kunijia mmoja mmoja, mikono juu, huku naimba. Siku za mwanzo nilikuwa naukatiza wimbo. Mpaka mmoja wenu akaja na upawa wa jikoni, akasema, "Leo nimekuja kukupiga kweli." Nikacheka, na wimbo ukatoka pamoja na kicheko.

Taarabu ya pili ilikuwa Bububu, kiwanja cha skuli, baada ya alasiri. Nilikuwa karibu kumaliza nilipoona buibui linakuja. Huu mwendo niliujua. Safari hii alikuwa mama mkubwa mwenyewe.

Alifika mbele yangu, mkono mtupu. "Shuka," akasema.

Nilikuwa naiona njia ya Makunduchi yote. Lakini fidla ya mwalimu haikusita, nanyi nyuma yangu mkaendelea kuitikia.

"Mama," nikamwambia, "umebaki ubeti mmoja."

Nikauimba mbele ya uso wake, sauti ikikatika. Alisimama pale mpaka mwisho.

Mimi naye tulirudi kwa gari moja. Nilikuwa nawaza nguo zipi nifunge. Tulipoingia ndani akavua buibui, akaketi.

"Ule ubeti wa mwisho, ulikuwa unasemaje?"

Nikamsomea maneno.

"Sivyo," akasema. "Imba."

Makunduchi haikutajwa tena.

Namshukuru mwalimu, na nyinyi mlionitisha kwa kunipenda, na mama mkubwa aliyeniruhusu kusimama hapa. Wenye mabinti, waleteni wajifunze, kisha waacheni wasikike. Anayeogopa msimuache nyumbani. Mimi bado naogopa, na Alhamisi naimba tena.